Kuzunguka kanisa kuu la Gothiki kwa nje: Paris, Chartres au Köln?

Anayefika Ulaya akitaka kuona kanisa kuu la mtindo wa Gothiki kwa kawaida hukimbilia ndani, kwenye vioo vya rangi. Nje hupita tu: picha mbili za simu, basi. Hasara yake ni kubwa. Wajenzi wa karne ya 12 na 13 waliiweka mifupa ya jengo nje kwa makusudi, ili kuta zibaki nyembamba na madirisha yawe makubwa. Hadithi za Biblia nazo wakazichonga milangoni, mahali ambapo kila apitaye angeziona. Ukizungushwa nje kwa saa moja na nusu na mtu anayejua kazi yake, utakapoingia utakuwa umeshaelewa dari lile la mawe limeshikiliwa na nini.

Hapa tunalinganisha makanisa matatu yanayofikika kwa treni: Notre-Dame ya Paris, Notre-Dame ya Chartres na kanisa kuu la Köln, Ujerumani. Wasemaji wa Kiswahili wanaoishi Brussels, hasa waliotoka mashariki mwa Kongo, wako mahali pazuri: Paris ni chini ya saa moja na nusu kwa treni ya kasi, na Köln ni kama saa mbili.

Tuseme mapema: kwa ziara ya nje peke yake, Chartres ndiyo ya kwanza. Paris inaizidi kwa wepesi wa kufika na kwa jinsi inavyoonyesha ufundi wa kushikilia kuta. Köln inazizidi zote mbili kwa ukubwa.

| | Paris | Chartres | Köln |
|---|---|---|---|
| Ujenzi kuanza | 1163 | 1194, baada ya moto | 1248 |
| Minara ya mbele | mita 69 | takriban mita 105 na 113 | mita 157 |
| Sanamu za nje | za kale na za karne ya 19, zimechanganyika | nyingi ni za karne ya 12 na 13 | nyingi ni za karne ya 19 |
| Fremu ya paa leo | mwaloni | chuma | chuma |
| Muda wa ziara ya nje | saa 1 hadi 1½ | saa 1½ hadi 2 | saa 1 |
| Kutoka kituoni | metro Cité, dakika chache | kupanda kilima, kama dakika 10 | ng'ambo ya uwanja tu |

Chartres: mahali pa kusoma milango

Mwaka 1194 moto uliteketeza sehemu kubwa ya kanisa lililokuwapo. Upande wa magharibi ulinusurika, pamoja na milango mitatu iliyochongwa katikati ya karne ya 12, inayoitwa Milango ya Kifalme. Jengo jipya likaunganishwa nyuma yake na kukamilika kwa kasi: kufikia kama mwaka 1220 sehemu kubwa ilikuwa imesimama. Kwa hiyo Chartres ina milango mitatu magharibi, mitatu kaskazini na mitatu kusini, yote tisa yakiwa na michongo ya enzi zile, mingi ikiwa bado mahali pake. Hilo ndilo linaloiweka mbele ya wenzake.

Milango ya Kifalme ina faida nyingine: sanamu zake ndefu za wafalme na malkia wa Agano la Kale zimesimama karibu na usawa wa macho, hivyo unaziona bila darubini. Zilikuwa 24, zimebaki 19. Juu ya mlango wa kati amekaa Kristo akizungukwa na viumbe wanne, yaani mtu, simba, ng'ombe na tai, ambao ni alama za wainjili. Mlango wa kushoto umezungushiwa alama za nyota 12 na kazi za wakulima za kila mwezi. Zihesabu. Utakuta samaki na mapacha hawapo, kwa sababu wamewekwa kwenye mlango wa kulia. Mwongoza watalii asiyekuonyesha hili hajaukaribia mlango huo kwa muda mrefu.

Mlango wa kulia ndio tunaoupenda kuliko yote. Katikati ni Bikira Maria na Mtoto, na kuwazunguka ni elimu saba za shule za wakati ule, kila moja ikichongwa kama mtu na ikiwa na mwanazuoni wake. Muziki anagonga kengele, na chini yake Pythagoras ameinama akiandika. Sarufi ameshika fimbo mbele ya watoto wawili, mmoja ametulia na kitabu, mwingine mtundu. Aliyepita shule ya viboko atamtambua mwalimu huyo bila kuelezwa.

Upande wa kaskazini ni Agano la Kale. Kwenye nguzo ya mlango wa kati ni Mtakatifu Anna akiwa amembeba Maria, na pembeni yumo Abrahamu amemshika Isaka aliyefungwa miguu. Kusini ni Kristo, mitume, mashahidi wa imani na Hukumu ya Mwisho. Ukisimama mbele ya sanamu za magharibi kisha ukahamia za kusini, unavuka kama miaka 70 ya uchongaji. Za magharibi zimesimama wima kama nguzo, mikunjo ya nguo imenyooka. Za kusini zimeanza kugeuza shingo, kulemea mguu mmoja, kuwa na uso wa mtu fulani. Mwambie anayekuongoza akuwekee muda wa kulinganisha hizo mbili, hata kama itabidi aruke mlango mzima.

Minara miwili haifanani. Wa kusini ni wa karne ya 12, mtupu na mzito. Ncha ya mbao ya mnara wa kaskazini iliunguzwa na radi mwaka 1506, na Jehan de Beauce akajenga ya mawe, yenye mapambo tele, kati ya 1507 na 1513. Ukiangalia pembeni mwa mnara wa zamani, upande wa kusini, kuna punda aliyechongwa akipiga ala ya muziki. Ni rahisi kumpita bila kumwona.

Kasoro ya Chartres ni kwamba inadai siku nzima. Treni ya kutoka kituo cha Montparnasse, Paris, inachukua saa moja na dakika kadhaa, kisha kilima. Na bila mtu wa kueleza, milango tisa yenye mamia ya sanamu inachosha mapema. Hapa ndipo fedha ya mwongozaji inaporudi zaidi kuliko katika makanisa yale mengine mawili.

Paris: mahali pa kuelewa nguvu za mawe

Anzia uwanja wa mbele, ukiwa mbali na milango kiasi cha kuona minara yote bila kupindisha shingo. Juu ya milango kuna safu ya wafalme 28 wa Yuda. Wakati wa Mapinduzi ya Ufaransa, mwaka 1793, waliangushwa na kukatwa vichwa kwa kudhaniwa kuwa wafalme wa Ufaransa. Vichwa 21 vilifukuliwa mwaka 1977 na sasa viko katika makumbusho ya Cluny, ng'ambo ya mto, kwa mwendo mfupi wa miguu. Hao unaowaona juu ni wa karne ya 19.

Kwa Paris, swali la kuuliza kila mara ni hili: jiwe hili ni la lini? Mlango wa kulia, wa Mtakatifu Anna, una michongo ya karne ya 12. Mlango wa kati, wa Hukumu ya Mwisho, ulikatwa nguzo yake mwaka 1771 na msanifu majengo Soufflot ili maandamano yapite, na ukarudishiwa umbo katika ukarabati wa msanifu mwingine, Viollet-le-Duc, uliokamilika mwaka 1864. Yale majitu yanayoinamia mji kutoka juu ya minara, ambayo watu hupiga picha wakiamini ni ya zama za kati, ni ya Viollet-le-Duc pia. Tena hayana kazi ya maji. Milizamu halisi ni ile mirefu iliyolala kutoka ukutani: hubeba maji ya paa na kuyatema mbali, kwa sababu maji yakitiririka juu ya mawe ya chokaa huila saruji yake na kulibomoa jiwe taratibu. Ukipata siku ya mvua usisikitike sana, utaiona ikifanya kazi.

Kisha vuka daraja la Pont au Double, fuata kingo ya kusini ya mto Seine hadi Pont de l'Archevêché. Njiani utaona dirisha la duara la kusini, lenye kipenyo cha karibu mita 13, na mnara mwembamba wa katikati wenye mita 96. Ule wa awali, wa Viollet-le-Duc, ulianguka katika moto wa tarehe 15 Aprili 2019. Huu ni nakala yake iliyojengwa upya kwa mwaloni na kufunikwa kwa madini ya risasi. Sanamu 16 za shaba zilizouzunguka, za mitume na wainjili, zilikuwa zimeshushwa kwa ukarabati siku nne tu kabla ya moto, na ndivyo zilivyopona. Kanisa lilifunguliwa tena Desemba 2024.

Ukifika nyuma, kwenye daraja, ndipo Paris inapotoa kitu ambacho Chartres haitoi kwa uwazi huu. Dari la mawe, kwa uzito wake, husukuma kuta kwenda nje. Yale matao membamba yanayoruka hewani, kila moja likivuka kama mita 15, hupokea msukumo huo na kuupeleka kwenye nguzo nzito za nje, na vinara vilivyo juu ya nguzo huongeza uzito ili msukumo uelekee ardhini. Ukiyafuata kwa kidole kutoka juu hadi chini utaelewa Gothiki yote bila neno moja la kitaalamu. Matao ya Chartres ni mazito zaidi, yameunganishwa kwa vijinguzo kama miti ya gurudumu la mkokoteni. Ni mazuri sana, ila majengo yamesogea karibu na huwezi kurudi nyuma kiasi cha kuyaona kwa pamoja isipokuwa kutoka bustani ya askofu.

Tatizo la Paris kwa sasa ni viunzi vya mafundi. Ukarabati wa nje wa sehemu ya nyuma uliendelea hata baada ya kanisa kufunguliwa, na mazingira yake nayo yanapangwa upya. Kabla ya kulipa, uliza: je, sehemu ya nyuma inaonekana wiki hii? Njia itapita wapi? Kama jibu ni la kusitasita, ziara hiyo huishia milango ya mbele tu.

Köln: ukubwa, na historia ya kusubiri

Ukitoka kituo kikuu cha treni, kanisa liko mbele yako, jeusi na refu kupita jicho. Lilianza 1248, kazi ikasimama katika karne ya 16, na winchi ya mbao ikabaki juu ya kisiki cha mnara wa kusini hadi 1868. Ujenzi ulirudi 1842 na kukamilika 1880, ukifuata mchoro wa zama za kati uliokuwa umepotea katika vipande viwili na kupatikana mwaka 1814 na 1816. Kwa miaka minne, hadi 1884, hili ndilo lililokuwa jengo refu kuliko yote duniani.

Hapa usitafute sanamu za kale. Mlango wa Mtakatifu Petro, kulia mwa upande wa magharibi, ndio pekee kati ya milango mikuu uliopata michongo ya zama za kati. Tafuta badala yake tofauti za mawe. Sehemu za kale ni jiwe la volkano kutoka mlima Drachenfels. Katika karne ya 19 lilitumika pia jiwe la mchanga la Schlaitdorf, lenye chokaa ndani yake, na moshi wa treni na viwanda uliochanganyika na mvua umelila vibaya. Ndiyo maana mafundi wa kanisa hawajaacha kazi tangu hapo. Mbele ya upande wa magharibi kuna nakala ya ua la mawe lililo kwenye ncha ya mnara, lenye urefu wa mita 9.5. Simama chini yake kwanza, halafu tazama juu.

Paa za makanisa haya zinasimulia majibu tofauti kwa moto. Chartres iliungua paa mwaka 1836, ikawekewa fremu ya chuma na mabati ya shaba yaliyogeuka kijani. Köln iliwekewa chuma katika karne ya 19, na fremu hiyo ilistahimili mabomu ya Vita Kuu ya Pili. Paris ilirudia mwaloni. Ni swali zuri la kumpima anayekuongoza.

Jua liko wapi

Michongo husomeka jua likiipiga kwa mshazari, na hapa watu wengi hukosea kwa kudhani makanisa yote yameelekea mashariki sawasawa. Chartres imepinda sana: mbele yake inatazama kusini magharibi, hivyo Milango ya Kifalme hupata jua kuanzia mchana. Milango ya kusini ni ya asubuhi. Ya kaskazini hupata mwanga wa moja kwa moja jioni za majira ya joto tu, na wakati mwingine wote ni kivuli. Paris mbele yake imeelekea magharibi, ikipinda kaskazini kidogo, kwa hiyo usiende asubuhi ukitegemea picha: subiri saa kumi alasiri au baadaye. Köln ni ya alasiri, lakini kwa weusi wake siku ya mawingu mepesi huonyesha michongo vizuri kuliko jua kali.

Kumchagua mwongozaji, na yanayoharibika

Ufaransa ina kadi rasmi ya kitaaluma ya waongoza watalii, na mwenye nayo hasiti kuionyesha. Zile ziara zinazotangazwa kuwa za bure hutegemea bakshishi mwishoni, na kundi linaweza kufika watu 30. Kwa milango iliyochongwa, kundi likizidi watu 15 wa nyuma hawaoni kidole kinaelekea wapi, na bila vifaa vya masikioni hawasikii. Hilo ni kweli zaidi Köln, ambako upepo hushuka kutoka minarani na kupiga uwanjani kwa nguvu hata siku tulivu. Vaa koti. Köln ziara rasmi hupangwa kupitia Domforum, ofisi iliyo ng'ambo ya uwanja.

Soma tangazo kwa makini. Kuingia Notre-Dame ya Paris ni bure, na kuweka nafasi mtandaoni ni bure vilevile. Anayekuuzia "tiketi ya kuingia" anakuibia. Kinacholipiwa ni kupanda minara, ngazi 424, kwa nafasi ya mtandaoni. Köln mnara wa kusini una ngazi 533, bila lifti. Ziara ya nje haijumuishi hayo isipokuwa imeandikwa wazi. Katika uwanja wa Paris, wanaokujia na karatasi za kutia saini wasisimamishe mwendo wako: wakati unasoma, mwenzao anaangalia mfuko.

Darubini ndogo ya kukuza mara 8 ndiyo kifaa kimoja ambacho hakina mbadala. Simu hukuza picha lakini hupoteza mikunjo ya mawe. Shingo huanza kuuma baada ya dakika 20 za kutazama juu, hivyo mwongozaji mzuri hupishanisha kilicho juu na kilicho usawa wa macho. Kwa mzee au mwenye kiti cha magurudumu, Köln ndiyo nafuu: uwanja umesakafiwa na hauna kilima. Chartres ni mawe ya barabarani na mteremko.

Basi, uende wapi?

Mwenye nusu siku mjini Paris abaki Paris, alasiri, na ahakikishe ziara inafika daraja la nyuma. Mhandisi, fundi mwashi au mwanafunzi wa usanifu pia aanze hapo. Anayepita Köln akibadilisha treni ana sababu ya kuacha mizigo kituoni na kuzunguka kwa saa moja, kisha avuke mto Rhine kwa daraja la Hohenzollern hadi mtaa wa Deutz, ambako jengo lote linaonekana kwa mara moja. Mwenye watoto wanaochoka haraka vilevile atafaidika na Köln.

Padri, katekista, mwalimu wa dini, mchongaji, na yeyote anayeijua Biblia kwa visa vyake, aende Chartres na asikubali ziara ya chini ya saa moja na nusu. Fika kwa treni ya asubuhi, anza kusini jua likiwa bado huko, pita nyuma kwenye bustani ya askofu, zungukia kaskazini, kula, kisha malizia na Milango ya Kifalme mchana. Kuanzia Aprili hadi mwanzoni mwa Januari, giza likiingia, mji huangaza picha za mwanga kwenye kuta za kanisa. Ukitaka kubaki, angalia kwanza treni ya mwisho ya kurudi Montparnasse, kwa sababu mwezi Juni giza huko huingia saa nne usiku na kupita.